Tathmini ya huduma: ofisi ya mafunzo na ajira ya walezi wa wazee, Kampala

Ofisi ninayoitathmini hapa iko ghorofani katikati ya jiji la Kampala, nayo huuza vitu viwili ambavyo wateja wengi huvilipia kwa pamoja bila kuvitenganisha: mafunzo ya kuwahudumia wazee na wagonjwa, na ahadi ya kutafutiwa kazi hiyo nchini Uingereza. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa shauri letu nao halijamalizika, na pia kwa kuwa nikiitaja hiyo moja nitakuwa nimezisafisha nyingine zinazofanya vilevile. Nilifika pale kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye alimaliza Senior Six, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, na kozi fupi ya hoteli kisha akakosa kazi ya kudumu. Na kwa kuwa riziki yangu hutokana na kukagua hesabu na mikataba ya watu, familia iliniachia kazi ya kusoma karatasi. Maoni yangu ni kwamba mafunzo yao yana thamani hata kwa mtu asiyekusudia kuvuka mpaka wa Busia, ila upande wa ajira haustahili kulipiwa hata shilingi, na sababu zake zimo ndani ya kanuni za Waingereza wenyewe, ambazo yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure.

Nianze na mafunzo, kwa kuwa ndiyo yanayostahili sifa. Ada ilikuwa shilingi 950,000, ikijumuisha sare, glavu na madaftari. Mkufunzi mkuu ni mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, ambaye wanafunzi wote humwita Sista. Yeyote aliyewahi kulaza mgonjwa hospitali ya Mulago anajua kwamba hapa kwetu kumwogesha, kumlisha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu, wanaolala sakafuni kando ya kitanda na kupokezana zamu. Kwa hiyo wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba kazi hii wanaijua tangu utotoni, na Sista hana haraka ya kubishana nao, huwaacha wajionee wenyewe.

Somo la kulisha nililishuhudia nikiwa nimeketi nyuma ya darasa. Aliwaweka wawili wawili, mmoja akafungwa macho kwa kitambaa na mwenzake akapewa bakuli la uji na kijiko, bila ruhusa ya kusema neno. Mpwa wangu, aliyekuwa upande wa kulishwa, alipaliwa mapema kabisa, kwa sababu mwenzake alileta kijiko kipya kabla ya kile cha kwanza kumezwa. Waliporudia zoezi, mlishaji alitakiwa kuketi macho yake yakilingana na ya anayelishwa badala ya kumsimamia kichwani, kumwambia kilichomo kijikoni, na kungoja ameze kwanza. Baadaye Sista alieleza kwa nini mzee aliyepata kiharusi huongezewa unga maalumu wa kuzidisha uzito wa maji na chai, na kwa nini kinywaji chepesi kinachoingia njia ya hewa huweza kuishia katika homa ya mapafu. Nimeona semina za bei kubwa zaidi ambazo hazikufundisha hata robo ya hayo.

Kumgeuza mtu kitandani nako kulifundishwa kwa vitendo: shuka la kuteleza likiwekwa chini ya mwili, magoti ya mlezi yakikunjwa ili mgongo usiumie, na mahali panapoota vidonda vya kulalia, yaani visigino, nyonga na chini ya uti wa mgongo, pakikaguliwa kila mara mgonjwa anapogeuzwa. Somo lililonipendeza zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, lilikuwa la kuandika kumbukumbu za siku. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mzee "hakula vizuri", na Sista akaifuta sentensi ile kwa kalamu nyekundu, akimtaka aandike kwamba mzee amekula vijiko sita vya uji, ameacha mkate wote, na amekunywa nusu kikombe cha chai saa mbili asubuhi. Karatasi ya dawa iliandikwa kwa ukali uleule: dawa ikikataliwa, iandikwe imekataliwa, na isiachwe nafasi tupu kwa matumaini kwamba mwenzako wa zamu ya jioni ataelewa.

Kasoro za mafunzo zipo. Mashine ya kumwinulia mgonjwa ilikuwa moja tu, na betri yake haikushika chaji, hivyo wanafunzi walijifunza kufunga mikanda bila kuona mtu akinyanyuliwa. Huduma za majumbani ziligusiwa juujuu, ilhali sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikitangazwa kwa wageni ilikuwa ni hiyo: mhudumu huzunguka nyumba kwa nyumba, mara nyingi kwa gari, na ziara nyingine ni za dakika 15. Hakuna aliyewaambia wanafunzi kwamba leseni ya udereva ya Uganda humfaa mgeni kwa miezi 12 tu tangu awe mkazi wa huko, na kwamba baada ya hapo ni lazima afaulu mtihani wa udereva wa Uingereza, ingawa huko nako magari huendeshwa kushoto kama kwetu. Mtu anayekwenda kuajiriwa kazi ya kuzunguka vijijini bila kuijua habari hii anaweza kujikuta hana zamu ifikapo mwaka wa pili.

Kuna pia suala la cheti. Wakala humwambia mteja kwamba atahitimu na cheti cha msingi cha matunzo kinachotumika England, na hapo hawasemi kweli. Cheti hicho, kilichoanza mwaka 2015, kilikuwa na viwango 15 hadi mwaka 2025 kilipoongezewa cha 16 kinachohusu ulemavu wa kujifunza na usonji. Na mwajiri ndiye anayemthibitisha mfanyakazi baada ya kumwona akifanya kazi kwa watu halisi mahali pa kazi. Shule ya Kampala inaweza kufundisha nadharia ya viwango hivyo, na Sista aliifundisha vyema, lakini haina mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa amekikamilisha. Waite cheti chao cheti cha shule, nacho kitaheshimika kwa jinsi kilivyo.

Sasa nije kwenye meza ya ajira, ambayo iko chumba cha pili, chenye kiyoyozi na picha kubwa ya daraja la London. Hapa lugha hubadilika. Karatasi ya makadirio tuliyopewa ilionyesha shilingi 3,000,000 za usajili, ambazo dada yangu alikuwa ameshalipa kabla sijaitwa, kisha shilingi 9,000,000 za "hati ya udhamini", kisha shilingi 5,000,000 za "uratibu" viza ikitoka. Watu huuza viwanja kwa ajili ya karatasi kama ile, au hukopa sako, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa dhamana ya mshahara wa ndugu, kwa hiyo niliichukulia kama ninavyochukulia ankara yoyote: kila mstari nikauuliza unamlipa nani, na kwa nini.

Mstari wa hati ya udhamini ndio ulioniamsha. Hati hiyo, ambayo mgeni huihitaji ili aombe viza ya kazi, mwajiri wa Uingereza huinunua kwa serikali ya huko, na Aprili 2025 bei yake kwa kazi ya aina hii iliwekwa kuwa pauni 525, ambazo hazifiki shilingi milioni tatu. Zaidi ya bei, kanuni za udhamini tangu tarehe 31 Desemba 2024 zinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama ya hati hiyo, na tozo ya ujuzi ambayo mwajiri hulipia mgeni ilikuwa tayari haramu kumbebesha mfanyakazi. Vilevile sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inayosimamia mawakala wa ajira inawakataza mawakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Anayekwenda huko kihalali hulipia viza yake, mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu ambacho waombaji wa viza ya muda mrefu kutoka Uganda hutakiwa kukifanya, cheti cha polisi na tikiti, isipokuwa mwajiri amejitolea kumsaidia. Katika karatasi yetu hayo yote yalikuwa yamewekwa kando, kama gharama za ziada za mteja. Yaani shilingi milioni 17 zilikuwa za vitu ambavyo mteja hakupaswa kulipia kabisa.

Hata hivyo bei haikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Njia yenyewe imefungwa. Wahudumu wa wazee waliingizwa katika orodha ya kazi zenye upungufu Februari 2022, na kwa muda watu walikwenda kweli, wengine pamoja na familia zao. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wakazuiwa kuandamana na wenzi na watoto, na siku hiyohiyo waajiri wa England wanaotaka kudhamini wakatakiwa wawe wamesajiliwa na tume ya CQC, inayokagua huduma za matunzo. Aprili 2025 waajiri hao wakaambiwa watafute kwanza miongoni mwa wageni waliokwisha kuwamo nchini na kupoteza wadhamini wao. Hatimaye, tarehe 22 Julai 2025, maombi mapya ya wahudumu kutoka nje ya nchi yakasitishwa, na kilichobaki ni nafasi ya waliomo ndani kubadili mwajiri au aina ya viza, kwa masharti, hadi Julai 2028. Wauguzi waliosajiliwa bado wana mlango wao, lakini huo hauhusu kozi ya wiki chache.

Tulipoketi kwenye meza ile, tarehe hiyo ya Julai 2025 ilikuwa imekwisha kupita, na bango lililokuwa ukutani bado lilitangaza nafasi za wahudumu wa wazee England. Nilimwuliza afisa swali moja tu, kwamba maombi haya yanapelekwa chini ya kanuni ipi.

"Mzee, hayo ni mambo ya magazeti," alinijibu kwa upole. "Sisi tuna nafasi zetu maalumu, mwajiri ametuachia sisi."

Nikaomba jina la mwajiri. Nilipewa, na hilo linawatofautisha na matapeli wa barabarani wasio na jina la kukupa. Jina lilikuwa la kweli. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, faili refu linalofunguka hata kwenye simu ya kawaida, lenye jina la kampuni, mji wake, daraja lake na aina ya viza anayoweza kuidhamini. Kampuni ile ilikuwemo. Katika tovuti ya CQC ilikuwemo pia, imesajiliwa kutoa huduma za majumbani. Mtu angeweza kuishia hapo na kutulia. Mimi niliwaandikia barua pepe kwa anwani iliyokuwa kwenye tovuti yao, na jibu lilikuja la heshima na fupi: hawana wakala Uganda, hawajawahi kuwa naye, na kwa sasa hawaajiri mtu kutoka nje ya nchi. Barua ile niliichapa na kuiweka juu ya meza ya afisa, akaisoma mara mbili, kisha akasema bosi amesafiri.

Jambo jingine ambalo wasomaji wenzangu wa Uganda, Tanzania na Kongo hawaambiwi ni kwamba England ina mwongozo rasmi wa maadili ya kuajiri wafanyakazi wa afya na matunzo kutoka nje, nao una orodha nyekundu iliyofuata ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 ambazo upungufu wake wa wafanyakazi wa afya ni mkubwa. Nchi zetu hizo tatu zimo. Maana yake ni kwamba waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kusaka watu huko, isipokuwa kuna makubaliano kati ya serikali na serikali; mtu binafsi hazuiwi kumwandikia mwajiri moja kwa moja kwa hiari yake, bila mtu wa kati. Kwa hiyo hata katika miaka ile njia ilipokuwa wazi, wakala mwenye bango Kampala la kusajili wahudumu wa England alikuwa akifanya kitu ambacho mwajiri mwenye kuheshimu mwongozo hakupaswa kukigusa. Wakenya wako katika orodha ya kahawia, ambako watu huajiriwa kwa kufuata makubaliano ya serikali na serikali tu, wakiwa na makubaliano yao ya mwaka 2021, na hilo ni jambo tofauti. Nimeona ofisi za hapa zikinukuu makubaliano ya Kenya mbele ya mteja wa Masaka, hapa Uganda, kana kwamba yanamhusu.

Leseni ya ofisi hii kwa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii nilikuta ni halali, na jina lao linapatikana katika mfumo wa EEMIS ambao wizara hutumia kusimamia ajira za nje. Hapa pana mtego ambao ni rahisi kuuingia. Leseni humruhusu wakala kufanya biashara hiyo, na wengi wa mawakala hawa biashara yao halisi ni ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Haithibitishi kwamba kila nafasi anayoitangaza ipo. Oda ya kazi ya nchi husika, yaani hati inayoonyesha kwamba mwajiri wa huko ameomba wafanyakazi, ndiyo ya kuomba uione, pamoja na mkataba uliotiwa saini na mwajiri. Sisi tuliomba oda ya Uingereza na tukaonyeshwa ya Riyadh.

Rasimu ya mkataba tuliyopewa ilistahili kusomwa kwa taa kali. Kifungu kimoja kilimtaka mpwa wangu alipe "gharama zote" akiacha kazi kabla ya miaka mitatu, bila kutaja kiasi na bila kiasi hicho kupungua kadiri anavyozidi kutumika. Mwongozo niliokwisha kuutaja unataka vifungu vya namna hiyo viwe wazi tangu mwanzo, vya haki, na vipungue kwa muda. Kifungu kingine kiliahidi saa "kulingana na mahitaji", wakati mdhamini wa mhudumu aliyetoka nje hutakiwa kumlipa mshahara usiopungua kima kilichowekwa, ambacho Aprili 2025 kiliwekwa kuwa pauni 25,000 kwa mwaka na pauni 12.82 kwa saa. Mtu hawezi kufikia kiwango hicho kwa saa za kubahatisha. Nilimsomea dada yangu vifungu hivyo pamoja na habari ambayo serikali ya Uingereza yenyewe iliitangaza, kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zaidi ya leseni 470 za udhamini katika sekta ya matunzo zilifutwa. Mfanyakazi ambaye mdhamini wake amefutiwa leseni kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Ukiwa na deni la sako la milioni 17, siku hizo 60 huzitumii kuchagua mwajiri mwema. Unamkubali yeyote anayekubali, kwa masharti yake.

Mapokezi, kwa haki, ni mazuri: chai hutolewa, simu hupokelewa, na foleni si ndefu. Choo hakina maji.

Kuhusu pesa za usajili, tuliandika barua ya madai, tukaambatanisha jibu la mwajiri, na nakala tukaipeleka kwa afisa wa kazi. Nusu ilirudishwa kwa simu bila maelezo. Nusu nyingine ndiyo tunayoisubiri. Sista hakuwahi kutajwa katika mabishano hayo, na ninaamini hajui kinachouzwa chumba cha pili. Siku mpwa wangu alipokwenda kuchukua cheti chake, Sista alimpa namba ya familia moja ya Ntinda iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumhudumia baba yao aliyepata kiharusi. Familia ile ilikuwa imeshawajaribu watu kadhaa. Walipomtazama akimgeuza mzee, akamwekea mto kati ya magoti, akaangalia visigino na kuomba daftari la kuandikia, walimwajiri siku ileile. Mshahara wake si wa pauni, lakini ni mkubwa kuliko aliowahi kupewa hotelini, na hadaiwi na mtu.

Kwa hiyo kwa mafunzo naipa ofisi hii nyota nne kati ya tano, ya tano nikiizuia kwa ajili ya betri ya mashine na maelezo ya uongo kuhusu cheti. Kwa ajira za Uingereza siipi chochote. Ajira zao za Ghuba sikuzichunguza na sitazisemea. Anayetaka mafunzo peke yake anaweza kulipa ada kwa awamu mbili, na darasa jipya huanza idadi ikitimia. Ila ahakikishe risiti yake imeandikwa wazi kwamba ni ya mafunzo, kwa kuwa ile ya usajili aliyopewa dada yangu iliandikwa "huduma" tu, na hiyo ndiyo hoja wanayoitumia hadi sasa kuishikilia shilingi 1,500,000 yetu iliyobaki.